Uzio "usiohitaji matunzo": kipeperushi kinachojua siku moja tu

Msomaji, leo tusome kipeperushi. Ndiyo, kipeperushi cha dukani, ile karatasi ya kung'aa unayopewa kaunta ukishauliza bei. Hapa tumezoea kuchambua makala za kisayansi na vitabu, lakini karatasi kama hizi zina wasomaji wengi kuliko sisi sote, na ndizo zinazomtoa mtu hela mfukoni. Zinastahili kusomwa kwa jicho lile lile.

Hiki ninachokisoma kinahusu uzio wa vinili, yaani ule wa paneli nyeupe za plastiki, mrefu kumpita mtu, ambao ukishausimamisha jirani hakuoni tena unapoanika nguo. Nimekipata Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ninakosoma. Mjomba wangu, ambaye kaishi huku miaka mingi, alinunua uzio huo baada ya kuweka akiba misimu miwili, na mimi nikawa kibarua wake. Tulisimika mwezi wa tisa. Mwezi wa nne uliofuata, theluji ilipoyeyuka, geti likawa halifungi. Nguzo mbili zilikuwa zimepanda juu kwa upana wa vidole vitatu. Mjomba alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezivuta usiku.

Akarudi dukani na risiti yake. Wakamwambia dhamana ni ya plastiki, na plastiki haina kosa. Ardhi haimo kwenye dhamana.

Basi nikakaa na kile kipeperushi upya. Ahadi zake kubwa ni tatu: ni kazi ya wikiendi moja, hakihitaji matunzo, kinadumu maisha yote. Sisemi ni uongo mtupu. Tatizo langu ni kwamba kipeperushi kinaueleza uzio ulivyo siku moja tu, siku ulipomalizika kusimikwa, jua linawaka na familia inachoma nyama. Fizikia inaanza kesho yake.

Kwanza, vinili ni nini?

Unaijua tayari. Ni PVC, ile ile ya mabomba ya maji na ya madari ya kisasa. Mkemia Mjerumani Eugen Baumann aliiona mwaka 1872 kwa bahati, ikiwa unga mweupe ndani ya chupa. Mwaka 1926 Waldo Semon, Mmarekani, akapata njia ya kuilainisha, na hapo ndipo ilipoanza kupata soko. Ya uzio ni ile ngumu, isiyolainishwa.

Uzio wenyewe ni rahisi kuuelewa. Kuna nguzo zenye uwazi ndani, zinazosimikwa kwa zege. Kuna reli ya juu na ya chini, ambazo ncha zake zinaingia kwenye matundu ya nguzo. Katikati kuna vipande vya wima vinavyobanana, ulimi kwa mfereji, bila kuacha upenyo. Paneli ya kawaida ina kimo cha futi 6 na upana wa futi 6 hadi 8. Hakuna msumari unaopigwa. Ni kama mtoto anayepanga vitofali vya kuchezea, na hapo kipeperushi kinasema kweli: kupanga ni kazi ya wikiendi.

"Kazi ya wikiendi moja"

Kupanga, ndiyo. Kuchimba, hapana.

Kipeperushi kinasema chimba futi 2, mimina zege, endelea. Futi 2 kwa nani? Kwa Florida au kwa Minnesota? Hakisemi. Huku udongo unaganda kila mwaka, na udongo unaoganda unanyanyua vitu.

Wengi tunadhani sababu ni kwamba maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari. Mjiolojia Stephen Taber alionyesha karibu miaka 100 iliyopita kwamba udongo uliolowanishwa kwa benzini ya maabara, kimiminika ambacho kikiganda kinasinyaa, nao unanyanyuka vilevile. Kumbe kinachofanya kazi ni kitu kingine. Baridi inaposhuka ardhini, udongo wa chembe ndogo unafyonza maji kutoka chini kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta. Maji hayo yanaganda kwenye mpaka wa baridi, yakija mengine yanaganda juu ya hayo, mpaka zinajengeka tabaka za barafu kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Kila tabaka linasukuma kilicho juu yake. Barafu nayo inalishika zege ubavuni na kulipandisha. Nguzo ikishapanda, udongo unaingia chini yake na kujaza pengo. Masika ya huku yakifika, barafu inayeyuka, lakini nguzo haina tena pa kurudi.

Dawa yake inajulikana: fika chini ya kina ambacho baridi haifiki. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa jengo ushuke inchi 42 upande wa kusini, ulipo mji wa Minneapolis, na inchi 60 upande wa kaskazini. Inchi 42 ni zaidi ya mita moja. Kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya misingi ya majengo, si uzio wa nyumbani, lakini barafu haiulizi kilichojengwa juu ni nini. Sisi tulikwenda futi 2, yaani inchi 24, kama tulivyoelekezwa.

Tena tulikosea jambo la pili. Mimi nilichimba kwa chepe, na shimo la chepe linakuwa pana mdomoni na jembamba chini. Zege lake linatoka na umbo la uyoga. Umbo hilo ni zawadi kwa barafu, maana inapata kichwa cha kusukumia kutoka chini. Shimo zuri lina kuta zilizonyooka, au limepanuka kidogo kwenye kitako. Mchoro mmoja tu ungetosha kulieleza hili. Kipeperushi kina picha 14, nimezihesabu. Hakuna hata moja inayoonyesha kilicho chini ya nyasi.

Neno lisilokuwemo: upepo

Nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa. Halimo.

Hebu tupige hesabu pamoja. Shinikizo la upepo ni nusu ya uzito wa hewa kwa mita ya ujazo (kilo 1.2 hivi) mara mwendo wa upepo, mara mwendo huo tena. Chukua upepo wa mita 15 kwa sekunde, sawa na kilomita 54 kwa saa, upepo wa kawaida wa mvua kubwa. Paneli ya futi 6 kwa 8 ina eneo la mita za mraba 4.5 hivi. Utapata msukumo unaolingana na kilo 60. Ni kama mtu mzima mmoja kaegemea paneli. Siyo mbaya.

Sasa zidisha mwendo mara mbili, ufike kilomita 108 kwa saa, dhoruba ya kiangazi cha huku. Msukumo hauwi kilo 120. Unakuwa kilo 240, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa wenyewe. Watu wanne wameegemea, na wanaegemea katikati ya paneli, karibu sentimita 90 juu ya ardhi, kwa hiyo nguzo inafanya kazi kama mtaimbo unaojing'oa. Na hesabu yangu ni ya huruma; umbo la ukuta bapa huongeza msukumo zaidi ya hapo.

Uzio wa fito au wa vibao vyenye nafasi unaupitisha upepo. Huu wa faragha hauupitishi, na ndiyo sababu umenunuliwa. Faragha na upepo ni jambo moja lenye sura mbili: kinachomzuia jirani asione kinaizuia hewa isipite. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Plastiki inayopumua

Pamoja na kipeperushi kuna video. Ndani yake fundi anaigonga reli kwa nyundo ya mpira mpaka inagota kabisa ndani ya nguzo, kisha anainua kidole gumba. Hapo, msomaji, nilisimamisha video.

PVC hutanuka kwa joto mara tano au sita kuliko chuma. Reli ya futi 8 ina mita 2.4. Huku, usiku wa mwezi wa kwanza unaweza kufika nyuzi 25 chini ya sifuri, na mchana wa kiangazi plastiki iliyo juani ikafika nyuzi 45. Tofauti ni nyuzi 70. Kwa PVC ngumu hiyo ni kama milimita 12 za urefu kwa kila reli, zaidi ya upana wa kidole changu kidogo. Chuma kingebadilika kwa milimita 2 tu.

Kwa hiyo ukiigotesha reli siku ya baridi, kiangazi itakosa nafasi na kujikunja. Ukiisimika siku ya joto na ncha imeingia kidogo tu kwenye nguzo, mwezi wa kwanza itachomoka. Reli inatakiwa iingie vya kutosha na bado ibaki na nafasi ya kucheza, na nafasi hiyo inategemea joto la siku unayofanya kazi. Fundi wa video hakutaja joto, wala hakuacha nafasi. Kwake reli iliyobana ndiyo kazi nzuri. Kwa seremala wa mbao, sawa. Kwa plastiki hii, hapana.

"Maisha yote"

Hapa nitende haki. Vinili haiozi. Mchwa hawaitaki. Haidai rangi kila baada ya miaka michache kama mbao, na kwa mtu mwenye umri wa mjomba wangu hilo si dogo. Rangi nyeupe nayo si urembo tu: ndani yake kuna titani dioksidi, inayomeza mionzi ya urujuanimno kabla haijaivunja PVC. Bila kinga hiyo, jua linang'oa klorini kwenye minyororo ya plastiki, na rangi inaelekea unjano.

Lakini "haihitaji rangi" siyo "haihitaji matunzo". Uso wake hutoa vumbi jeupe kama chaki jinsi miaka inavyokwenda. Upande usiopata jua unaota ukijani, na lazima uoshwe. Kwenye baridi kali plastiki inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika, kwa hiyo ukipiga chepe la theluji vibaya unaitoboa. Kuna na jambo la ajabu kidogo: vioo vya kisasa vya madirisha, vyenye utando unaorudisha joto, vikibonyea kidogo vinaweza kukusanya mwanga wa jua na kuurusha nje kama kioo cha kuchomea karatasi, na mwanga huo umeshayeyusha kuta za vinili za majirani. Ubao ukipasuka unapigiliwa kiraka. Paneli ya vinili ikipasuka unatafuta nyingine inayofanana, ukiomba duka liwe bado linaiuza.

Halafu kuna siku za kabla na za baada. PVC hutengenezwa kwa gesi ya vinili kloridi, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Februari 2023 treni iliacha reli East Palestine, Ohio, ikiwa na mabehewa matano ya gesi hiyo; siku tatu baadaye ikachomwa makusudi kwa hofu ya mlipuko, na wakazi wakahamishwa. Uzio uliokamilika si gesi hiyo, usiogope kuugusa. Ila mabaki yake usiyachome. Mjomba alikuwa tayari ameshika kiberiti, kwa mazoea ya nyumbani, nikamzuia: PVC ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu ni asidi. Kuyarejeleza nako si rahisi, maana plastiki namba 3 haipokelewi na wakusanyaji taka wengi.

Hukumu

Kipeperushi kina jambo moja zuri sana, na nalisifu: kinakuambia upige 811 kabla ya kuchimba, huduma ya bure ya Marekani nzima, waje kuweka alama mahali palipopita mabomba ya gesi na nyaya. Maana yake waandishi wake wanajua kuwa chini ya nyasi kuna mambo. Wamekutaja kulipuka, wakaacha kutaja baridi.

Kama unataka uzio wa namna hii, nenda na maswali manne. Baridi ya hapa inafika kina gani, na nguzo zenu zinashuka mpaka wapi? Paneli hii imepimwa kwa upepo wa mwendo gani? Reli niiachie nafasi kiasi gani kwa joto la leo? Dhamana inalipia kazi na ardhi, au plastiki peke yake? Kama uko Dar au Mombasa, la kwanza lifute. Mengine matatu yabakie, jua na upepo mnavyo.

Sisi tulizing'oa nguzo tatu mwezi wa tano, mbili zilizopanda na moja iliyoinama. Safari hii tulikodi mashine ya kutoboa ardhi, tukashuka inchi 48, kuta zimenyooka, nguzo ndefu zaidi. Ilituchukua wikiendi mbili na hela ambayo mjomba alikuwa ameitenga kwa nauli ya kwenda kumwona bibi. Geti sasa linafunga. Alipolifunga mara ya kwanza hakusema kitu, alilifungua na kulifunga tena kama mara tano hivi, kisha akaingia ndani kunywa chai.