Mzimu, Mumiani na Usiku wa Jiji: Tahakiki ya Hofu katika Riwaya ya Kiswahili

Tahakiki hii inashughulikia swali moja: riwaya ya Kiswahili inapoingia mjini, ni kitu gani hasa kinachotisha? Kijijini, mzimu una mahali na una ukoo. Mkoani Ruvuma, Wangoni na Wamatengo huziita roho za wahenga mahoka. Zikikasirika, jamaa hujua nani aombwe na kwa tambiko gani. Kwa msomaji aliyelelewa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, hofu ya namna hiyo si ngeni, na ina dawa, kwa kuwa inamhusu marehemu mwenye jina.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anaipima hofu hiyo kwa mantiki. Maiti ya Ali Bomani inakutwa mzimuni, lakini Bwana Msa anakataa kuwabebesha wafu kosa la walio hai. Miaka 30 baadaye, Ben Mtobwa katika Dar es Salaam Usiku (1990) anausawiri usiku wa jiji, pamoja na ufukara na biashara ya mwili, bila kuhitaji mzimu. Baina ya riwaya hizi mbili kuna pengo: kisasili cha mtaani chenyewe, yaani mumiani.

Kamusi ya Johnson (1939) inalieleza neno hili kuwa dawa nyeusi mfano wa gundi, ambayo wengi waliamini imetokana na damu ya binadamu. Baadaye jina la dawa likawa jina la mnyonya damu. White (2000) anaonesha jinsi tuhuma zilivyowaangukia wazimamoto katika miji ya kikoloni. Tofauti na mahoka, mumiani hana kaburi wala jamaa. Ni mgeni anayepita njiani. Mtu aliyetoka Songea kwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga aliyaacha mahoka kwao, akaingia katika ulimwengu wa wageni watupu.

Hapa ndipo uzito wa kimaadili ulipo. Ghasia za Buguruni za mwaka 1959, alizozichunguza Brennan (2008), zinathibitisha kwamba uvumi wa mumiani uliweza kugeuka vurugu dhidi ya watu halisi. Kwa hiyo mhakiki anayeuona uvumi huo kuwa ushirikina mtupu anapoteza ushahidi wa dhuluma iliyouzaa. Na mwandishi anayeutumia ili kutisha tu anaweza kumwongezea umati mshukiwa mwingine.

Tahakiki hii inahitimisha kwamba riwaya ya kutisha ya mjini isipimwe kwa wingi wa mizimu yake, bali kwa namna inavyomtendea mgeni. Bwana Msa aliwaondolea wafu lawama. Riwaya ya mumiani ina kazi ngumu zaidi: kuonesha damu inanyonywa wapi, bila kumtoa kafara mpita njia asiye na wa kumtetea.