Rogue: Mamba Aliyepaswa Kubaki Mtoni

Mpaka pale Pete McKell, mwandishi wa safari kutoka Marekani, anapotumbukia ndani ya pango la mamba, Rogue ni filamu nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kuhusu mamba. Kuanzia pale hadi mwisho inageuka filamu nyingine, ya kawaida kabisa, ambayo tumeshaitazama mara nyingi ikiwa na mnyama mwingine na stelingi mwingine. Greg McLean aliandika skripti mwenyewe na akaiongoza mwenyewe mwaka 2007, miaka miwili baada ya Wolf Creek, kwa hiyo hakuna mwandishi wa kusingiziwa. Uamuzi wa kuuacha mto na kuingia shimoni ni wake, na ndio ulioiponza kazi yake. Mengine sina ugomvi nayo. Picha za Will Gibson kutoka angani juu ya makorongo ya Northern Territory hazina dosari, Radha Mitchell anamshika Kate, nahodha wa chombo cha watalii, vizuri tangu anapogusa usukani, na kumpa John Jarratt, muuaji wa Wolf Creek, nafasi ya mzee mpole mwenye majonzi ni uteuzi wa mwongozaji anayewajua watazamaji wake.

Nguvu ya Rogue ilikuwa maji. Mto ule hujaa na kupwa, na msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa maana yake. Katika maji ya Darwin, wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 8. Kate anapokipandisha chombo chake, kilichotobolewa na mamba, kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, McLean anatukabidhi kipimo ambacho hakihitaji maelezo ya mdomo: mchanga uliobaki, watu waliosimama juu yake, na upana wa maji hadi ng'ambo. Tangu hapo mtazamaji hakodoi macho tu, anapiga hesabu. Everett, mmoja wa watalii, anatoweka ukingoni bila hata kelele, na papo hapo tunajua ukingo si mahali pa kusimama. Neil, kijana wa huko huko, anaogelea hadi ng'ambo na kufunga kamba, nasi tunapima: kamba ina urefu gani, imening'inia juu ya maji kwa kiasi gani, Mary Ellen, mke wa Everett, akigandia katikati itachukua muda gani mtu kumfikia. Allen, mtalii mwingine, anapokurupuka na kumpandisha bintiye juu ya kamba ile ile iliyokwisha kulemewa, hasira tunayomwonea inatokana na hesabu hiyo. Mamba hatumwoni, lakini tunajua anaweza kuwa wapi. Hii ndiyo taharuki yenyewe. Kushtuka ni jambo jingine, rahisi zaidi, ambalo hata mlango unaobamizwa unaweza kulifanya.

Sasa tazama kinachotokea pangoni. Pete ameshavuka. Yuko nchi kavu, amesalimika, na kwa mantiki ya filamu nzima hadithi yake imekwisha, kwa sababu adui wake yuko majini na yeye hayumo tena majini. Ndipo anapomfuata mbwa wa Kate, anaanguka ndani ya maficho ya mamba, na anamkuta Kate, aliyekuwa amechukuliwa na mamba, amezirai lakini yu hai. Mamba anarudi na kujilaza usingizi. Pete ananyata, anajaribu kumtoa Kate, mamba anaamka, wanapambana, na mnyama anakufa kwa kujichoma kwenye mti uliovunjika na kuchongoka. Kila kipimo tulichofundishwa kwa zaidi ya saa moja kimetupwa. Maji yanayopanda hayana kazi tena. Upana wa mto hauna maana. Kundi la watu, pamoja na ubinafsi wake na huruma yake, haliko. Hata tabia ya mamba imebadilika: yule aliyewachukua watu kwa mapigo mafupi bila kupoteza nguvu, aliyekuwa akingoja watu wakosee, sasa analala ubavuni mwa chakula kilicho hai ili stelingi apate nafasi ya kunyata.

Jambo linaloniudhi zaidi ni la kiufundi, nami nimelisema katika filamu nyingi na nitaendelea kulisema mpaka waongozaji wachoke kulisikia: mnyama wa kompyuta hana uzito wake mwenyewe. Uzito anaazimwa na kitu halisi kinachomzunguka. Mamba anapopiga chombo cha Kate, tunauamini ukubwa wake kwa sababu chombo kinayumba, watu wanaanguka na maji yanaruka. Maji ndiyo mizani. Hata kiwimbi kidogo kinachokwenda kinyume cha mkondo kinatosha kutueleza kwamba chini yake kuna mwili mrefu kuliko chombo. Pangoni mizani hiyo haipo. Mwili mzima umetandazwa mbele yetu, fremu baada ya fremu, juu ya ardhi isiyoyumba wala kuruka. Wasanii wa kompyuta walijitahidi sana, na magamba yao yanastahili sifa. Lakini walipewa kazi isiyowezekana, na aliyewapa ni mwongozaji. Katika sehemu ya kwanza alionyesha kwamba anajua namna ya kuwasaidia, kwa kumweka mnyama wao ndani ya kitu chenye kipimo. Kisha akauondoa msaada huo kwenye shoti ndefu kuliko zote na muhimu kuliko zote.

Wapo wanaomtetea kwa kusema mamba kweli huwa na maficho, kwa hiyo pango ni la haki. Sipingi kwamba mamba huchimba mashimo kandokando ya mito. Sipingi hata kwamba mtu anaweza kuponyoka mdomoni mwake. Mwaka 1985 mwanafalsafa Val Plumwood alishambuliwa na mamba wa maji chumvi huko Kakadu akiwa katika mtumbwi, akazungushwa chini ya maji mara tatu, akatoka akiwa na majeraha makubwa, akajikokota hadi alipookolewa, na baadaye akaandika juu ya maana ya kuwa windo. Lakini angalia mkasa huo ulitokea wapi: kwenye maji, matope na mti wa ukingoni alioutumia kujaribu kupanda. Ukweli wa kibayolojia haumwokoi McLean, kwa sababu lawama yangu haihusu kinachowezekana duniani. Filamu hii ilishaweka sheria zake yenyewe, nazo zilikuwa za mto. Mwaka ule ule wa Rogue, Black Water ya David Nerlich na Andrew Traucki, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, nayo ilimpeleka Lee, mhusika wake mkuu, hadi pale mamba alipoweka maiti. Tofauti ni kwamba pale bado ni matope ya mikoko ile ile tuliyokaa nayo tangu mwanzo, na silaha anayoikuta ni bastola ya Jim, mwongoza watalii tuliyemwona hai. Nerlich na Traucki waliingiza picha za mamba halisi ndani ya maji yao, wakamtoa kwa kipimo kidogo kidogo, na hawakumhamisha kamwe kutoka mahali alipotutia hofu.

Utetezi mwingine unasema mtazamaji amelipa kiingilio amwone mamba, hivyo lazima aonyeshwe. Hili linarudiwa kana kwamba Steven Spielberg hajawahi kulijibu. Katika Jaws ya 1975 papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara ndani ya maji ya chumvi, na Verna Fields, aliyepata Oscar kwa uhariri wa filamu ile, alijenga saa nzima ya hofu kwa kutumia papa asiyekuwepo, au aliyekuwepo kwa nusu sekunde tu. Lakini watu husahau nusu ya pili ya somo: mwishoni papa anaonekana, tena sana, na filamu haipungui kitu. Kwa nini? Kwa sababu anaonekana pale pale baharini, na nafasi ya binadamu inaendelea kupungua. Orca, boti ya wawindaji wa papa, inazama, na Brody, mkuu wa polisi, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anabaki juu ya mlingoti unaolala majini. Mtungi wa hewa unaomuua papa tuliuonyeshwa mapema, mitungi ilipobingirika kwenye sitaha na Hooper, mtaalamu wa papa, akafoka kwamba inaweza kulipuka. Hakuna kilichoibuka ghafla. McLean aliisoma Jaws vizuri, inaonekana katika kila shoti ya uso wa maji, na kisiwa chake ndicho Orca inayozama. Ndiyo maana inauma kumwona akiiacha Orca yake katikati ya bahari na kwenda kutafuta mlingoti mwingine nchi kavu. Mti ule uliochongoka haukuandaliwa popote. Uko pale kwa kuwa filamu ilihitaji kwisha.

Kinachofanya uamuzi huo usisameheke ni kwamba mwisho sahihi alikwisha kuupiga picha. Nazungumzia nanga. Pete anapendekeza nanga iwe ndoana, chambo kinatundikwa, kamba inafungwa kwenye mwamba, mamba anameza, na watu waliobaki wanaingia majini kuvuka huku mnyama akiwa amenaswa upande wa pili wa kamba ile. Kila kitu kimekutana katika tukio moja: maji yanapanda, kisiwa kinatoweka, upana wa mto unapimwa kwa miili ya watu wanaoogelea, na nguvu ya mamba tunaisoma kwenye kamba inayokazwa. Silaha yenyewe imetoka ndani ya chombo tulichopanda nao asubuhi. Hapa mnyama angeweza kuonekana mzima mzima bila kupoteza chochote, kwa sababu kamba na maji vingembebea uzito. Badala yake McLean analitumia tukio hili kama daraja la kumfikisha Pete ng'ambo, na kilele anakihamishia kwa mtu mmoja na shimo moja.

Na laiti angeufuata mkasa halisi uliomzaa mamba wake. Sweetheart, mamba wa urefu wa mita 5.1 aliyekuwa akishambulia boti za wavuvi katika mto Finniss miaka ya 1970, hakuwahi kuua mtu; inasemekana alichokuwa akikivamia ni injini za boti. Mwaka 1979 maofisa walipomkamata ili wamhamishe, alikuwa amedungwa dawa ya kumlegeza, akanaswa na gogo chini ya maji na kuzama. Leo yuko katika jumba la makumbusho la Darwin. Kamba, gogo, maji na mnyama asiyeweza tena kuinua pua yake: mwisho huo ulikuwa mezani kwa mwandishi, una masikitiko kuliko pambano lolote, na umetokea mtoni.

Kuukimbia mto si dhambi ya McLean peke yake, nasi wa Maziwa Makuu tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Mapema mwaka 2007, mwaka ule ule wa Rogue, Hollywood ilituletea Primeval, filamu inayodai kumhusu Gustave, mamba wa mto Ruzizi na fukwe za ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Ilipigwa picha Afrika Kusini. Matangazo yake yalimficha mamba na kunadi muuaji wa binadamu asiyetajwa, na hadithi yenyewe ilimwacha Gustave majini ikakimbilia kwa mbabe wa kivita anayeitwa Little Gustave, kisha ikamfanya mnyama akimbie nyikani akifukuza watu. Mamba huua kwa kungoja pale watu wanapofika kuchota maji, kuoga na kuvua, na Burundi nzima ingeweza kuwaeleza hivyo kama wangeuliza. Rogue ni kazi bora kuliko ile kwa kila kigezo. Basi inasikitisha kwamba mwongozaji aliyeuelewa mto namna hii alimalizia kwa kosa lile lile la wasiouelewa kabisa.

Najua jibu la mwisho la watetezi: filamu ya namna hii inahitaji stelingi amuue mnyama kwa mikono yake, la sivyo watazamaji hawatoki wameridhika. Na tukubali, kwa ajili ya hoja, kwamba lazima mamba afe. Bado swali linabaki: afe mikononi mwa nani? Kate ndiye anayeujua mto. Ndiye aliyeamua kuifuata fataki ya dharura iliyoonekana kwa mbali, na ndiye aliyekiokoa chombo kilipotobolewa. Filamu nzima imejengwa juu ya ujuzi wake na uzito wa uamuzi wake. Pango linamgeuza mtu huyo kuwa mzigo uliozirai, ili mwandishi wa safari kutoka Marekani, ambaye asubuhi hakujua mto unakoelekea, ambebe na kumtoa nje. Pete hakuwa na deni kwa mto ule. Kate alikuwa nalo, na deni hilo ndilo ambalo mwisho wa filamu ulipaswa kulilipa, yeye akiwa macho, kamba ya nanga ikiwa mkononi mwake, na maji yakiwa yamemfika kiunoni.