Gari la Dukani na Gari la Mashindano

Katika gereji za Mtwara, fundi mzuri huanza na swali la njia: pikapu hii itashusha korosho kutoka Newala, au itazunguka mjini tu, bandarini na Shangani? Jibu ndilo linaloamua kama ataongeza jani la springi, atabadili shokapu, au atachomelea mahali ambapo kiwanda kiliona panatosha. Ufundi huohuo, ulipofikishwa kileleni, ndio uliotoa mabingwa wa zamani wa Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki.

Chukua Datsun 240Z, gari la spoti la kununua dukani, lenye viti viwili na injini ya lita 2.4 ya silinda sita za mstari mmoja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo. Mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, lakini kwa tabu: alilingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800 SSS, gari lililotokana na saluni ya kawaida. Umbo la spoti, basi, halikutosha peke yake kuleta ushindi.

Bodi ya gari la namna hiyo haina chesisi iliyojitenga. Mabati yenyewe ndiyo yanayobeba uzito. Kwenye mashimo, viungio huanza kuachia kidogokidogo. Fundi wa rali huvifuata kimoja kimoja na kuvichomelea upya, hupitisha mabomba ya chuma ndani ya kabini, huweka bamba zito chini ya injini ili jiwe lisitoboe sampu. Kila kilo anayoongeza inapunguza mwendo, kwa hiyo lazima ajue hasa patakapovunjika, asiimarishe kwa woga.

GR Yaris Rally1 ya Toyota ni habari nyingine. Kwa nje linafanana na Yaris ya mtaani, ila chini ya ngozi kuna fremu ya mabomba iliyobuniwa kwa mashindano tangu mwanzo. Lilipoingia Safari Rally nchini Kenya mwaka 2022 lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye turbo, ikisaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 100. Kalle Rovanperä aliongoza, na Toyota ikachukua nafasi zote nne za juu. Uzuri wake uko kwenye mpangilio. Mafundi wa siku za Mehta waliweza kulisubiri gari kando ya barabara. Wa leo hulipokea kwenye kituo cha matengenezo Naivasha, saa ikihesabu. Kwa hiyo giaboksi, difu na mikono ya magurudumu vimewekwa ili vitoke na kurudi haraka.

Zote mbili ni kazi za kuheshimiwa, ila mimi taji nampa fundi wa gari la dukani. Mbunifu wa gari la mashindano huchagua kila kitu mwenyewe. Fundi wa gari la dukani hukabidhiwa maamuzi ya watu waliofikiria barabara nyingine, akayafanya yahimili za kwetu. Ukimpata fundi anayekuuliza utapita njia gani kabla hajashika spana, usimwache, na usimpunje malipo yake.