Wanaomfunda Mwalimu Kusikiliza

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana takribani 1 kati ya 7. Wengi walinyamaza. Ndiyo maana wanaowafundisha walimu kuzungumzia ukatili wa kijinsia wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Mada yenyewe hufundishika, kazi ni kumwachisha mwalimu mazoea ya kuuliza, "Ulifuata nini huko usiku?" Wawezeshaji huwaigizisha walimu wawili wawili, mmoja akiwa mtoto, mpaka swali hilo limkwame mwalimu kooni. Mwalimu hufundishwa pia asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Ayaandike maneno ya mtoto yalivyotoka. Ajue kwamba dawa za kukinga VVU baada ya kubakwa lazima zianzwe ndani ya saa 72, kwamba nguo zisifuliwe, na nani atamsindikiza mtoto hadi dawati la jinsia la polisi.

Wapo wasemao haya ni ya wazazi. Sawa, lakini mara nyingi mkosaji ni mtu wa karibu na nyumbani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu mwenyewe hushika fimbo, na wengine hufanya mabaya zaidi. Ni kweli, na mafunzo ya maana huanzia hapo hapo, kwa mabishano makali: watu wazima waliochoshwa na madarasa yaliyofurika wanaulizwa kuhusu mikono yao wenyewe. Anayeyaongoza mazungumzo hayo bila kumkebehi mtu, kisha akarudi muhula unaofuata kuuliza ufunguo wa sanduku la maoni anao nani, kazi yake bado hupimwa kwa idadi ya waliosaini mahudhurio.