Namna ya Kukipima Kiraka cha Git

Ukiletewa kiraka (patch) cha kuiboresha Git, usikimbilie msimbo. Soma maelezo kwanza. Kiraka cha maana kinasema programu inafanya nini kwa sasa, nani anapata taabu kwa hilo, na kwa nini mwandishi hakuchukua njia nyingine iliyoonekana rahisi. Maelezo ya "kurekebisha hitilafu ndogo" hayatoshi hata kama msimbo ni safi, kwa sababu miaka kumi baadaye mtu atafika kwenye mstari huo kwa git blame akitafuta sababu, na asiikute. Junio Hamano, anayeitunza Git tangu Julai 2005, miezi michache baada ya Linus Torvalds kuianzisha, ni mkali sana kwenye jambo hili, na nadhani ana haki.

Kisha tazama kazi ilivyogawanywa. Anayehamisha msimbo na kubadili tabia yake ndani ya kiraka kimoja anamfunga mkaguzi macho. Kila hatua ijengeke na ifaulu majaribio peke yake, la sivyo git bisect itakwama hapo siku ya kusaka hitilafu.

Majaribio nayo yana kipimo chake, na wengi hukiruka: ondoa rekebisho, acha jaribio, liendeshe. Likifaulu bado, halilindi kitu.

Lakini ustadi wenyewe huonekana pale kiraka kinapogusa mazoea ya watu. Zamani git push bila maelekezo zaidi ilisukuma matawi yote yenye majina yanayolingana kwako na kwenye hifadhi ya mbali. Uliyekusudia kutuma tawi moja ulijikuta umetuma na mengine ambayo hayajaiva. Dawa ilijulikana: sukuma tawi ulilopo tu. Hata hivyo skripti za watu wengi zilitegemea tabia ya zamani, zikijiendesha usiku bila mtu wa kuzitazama. Basi watumiaji wakaonywa kwanza, toleo baada ya toleo, hadi Git 2.0 ilipotoka Mei 2014 na tabia mpya. Vivyo hivyo amri za switch na restore zilipoingia katika toleo la 2.23, Agosti 2019, ili kugawana kazi za checkout, checkout yenyewe iliachwa ilivyo. Kiraka kisichosema chochote kuhusu hao wanaotegemea tabia ya zamani mimi hukirudisha kwa mwandishi, hata msimbo wake ungekuwa wa kupendeza namna gani.