Baridi yabisi na swali la «nani»: kusoma upya ugonjwa katika Desturi za Wasuaheli

1. Utangulizi

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mjini Göttingen mwaka 1903, ni miongoni mwa maandishi ya nathari ya Kiswahili yatajwayo mara nyingi na kusomwa mara chache. Kilitolewa kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Hata hivyo, mwandishi mkuu wa yaliyomo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981.

Makala haya yanahakiki namna moja ya kuzisoma habari za ugonjwa na uganga zilizomo kitabuni humo, nayo ni ile inayoyaweka yote, yaani pepo, ramli na dawa za mizizi, chini ya kichwa kimoja cha «imani za kale». Inadaiwa hapa kwamba kichwa hicho kinafunika mifumo miwili ya mawazo isiyofanana. Mfumo wa kwanza huuliza mwili umepatwa na nini. Wa pili huuliza ni nani aliyeuleta ugonjwa. Asiyeitenganisha hulikosea andiko na, kama itakavyoonekana, huweza kuyakosea maisha ya watu pia.

2. Elimu iliyobaki katika maneno

Mfumo wa kwanza si ushirikina. Ni mabaki ya elimu ya tiba iliyotawala dunia ya Waislamu na ya Wakristo katika Zama za Kati. Kwa mujibu wa Galen, tabibu wa karne ya 2, na baadaye Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037), mwili una vimiminika vinne: damu, ambayo ni moto na majimaji, balghamu, ambayo ni baridi na majimaji, nyongo ya manjano, ambayo ni moto na kavu, na nyongo nyeusi, ambayo ni baridi na kavu. Afya ni mizani ya hivyo vinne. Ugonjwa ni kuzidi au kupungua kwa kimojawapo. Kitabu cha Ibn Sina kiitwacho Qanun kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, kikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17.

Kiswahili kimehifadhi elimu hiyo katika msamiati. Balghamu ingali jina la makohozi. Safura, ambayo kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano, imekuwa jina la ugonjwa unaoletwa na minyoo. Tabia, ambayo leo ni mwenendo wa mtu, ilitokana na neno la Kiarabu ambalo matabibu walilitumia kwa maumbile ya mwili. Hata chuku, ambayo wanafunzi wa fasihi huijua kama tamathali ya kutia chumvi, ni pembe ya kuumikia, yaani ya kufyonzea damu iliyodhaniwa kuzidi au kuharibika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni baridi yabisi. Kamusi za lugha mbili huifasiri kwa neno moja tu, rhumatisme. Lakini istilahi yenyewe ni maelezo kamili: baridi, na yabisi, yaani kavu. Hizo ndizo sifa mbili za nyongo nyeusi. Jina hili halitaji kiungo kinachouma, bali linataja chanzo cha maumivu kama tabibu wa Zama za Kati alivyokifahamu. Kamusi inapoishia kwenye tafsiri, nadharia nzima hupotea.

Tena tafsiri yenyewe haina haki ya kujidai kuwa ya kisayansi zaidi. Rhumatisme latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtiririko, yaani kimiminika kilichodhaniwa kutiririka na kutua katika viungo. Cholera lina asili katika jina la nyongo. Malaria ni «hewa mbaya» kwa Kiitaliano. Nalo lilibaki hata baada ya Laveran kukiona kijidudu cha malaria nchini Algeria mwaka 1880. Hakuna anayemwita mganga wa hospitali mshirikina kwa kuandika malaria kwenye fishi ya mgonjwa. Basi ni kipimo gani kinacholifanya jina la Kifaransa kuwa elimu, na jina la Kiswahili lenye asili ileile kuwa imani?

3. Alichoandika Mtoro na alichoombwa

Sehemu ya jibu imo katika umbo la kitabu. Mtoro hakuandika kitabu cha tiba. Aliandika desturi, kwa ajili ya watu waliotaka kujua desturi. Kwa hiyo mganga huonekana akitenda: anaitwa, anaagua, analipwa, anapunga pepo kwa ngoma. Kanuni ambayo kwayo chakula fulani huhesabiwa kuwa cha moto au cha baridi haifundishwi kama kanuni. Ngoma huonekana na mgeni. Mizani ya mwili haionekani.

Haifai kumlaumu Mtoro kwa hilo. Nathari yake ni tulivu, haiombi radhi wala haitetei, jambo la kustahiwa kwa mtu aliyeishi katika jiji ambamo Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Kosa ni la msomaji anayechukua kilichoulizwa kuwa ndicho chote kilichokuwapo. Uchunguzi wa Marc Swartz kuhusu Waswahili wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba fikra ya mizani ya moto na baridi ilikuwa hai bado.

4. Swali la «nani»

Mfumo wa pili hautoki kwa Galen, wala si wa Afrika peke yake. Mwaka 1348 Kitivo cha Tiba cha Paris kilieleza kwamba tauni ililetwa na hewa iliyoharibika kutokana na kukutana kwa sayari mwaka 1345. Maelezo hayo yalikuwa na makosa, lakini hayakumshitaki mtu. Umma haukuridhika nayo. Mwezi Februari 1349 Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, kwa kuwa walisingiziwa kutia sumu visimani. Katika tauni moja palikuwa na majibu mawili, na jibu la pili ndilo lililoua watu wasio na hatia.

Mjini Bukavu majibu yote mawili yanasikika. Mgonjwa husema kuwa baridi imemwingia. Mwingine husema amepewa karuho, sumu inayosadikiwa kutiwa kwa siri katika chakula au kinywaji. Sentensi hizi mbili hazina uzito mmoja. Ya kwanza hulekea kwenye shuka na uji wa moto. Ya pili hulekea kwa jirani. Mwaka 2021, katika eneo la Kalehe, wanawake walioshutumiwa uchawi waliuawa na makundi ya watu, baadhi yao wakiwa wametajwa na watabiri wa kike waitwao bajakazi.

Yafaa pia kukiri upungufu wa mfumo wa kwanza. Kuumika na kutoa damu kuliwadhoofisha wagonjwa wengi, huku Ulaya na huku Pwani. Kuutenganisha na uchawi si kuutakasa. Ni kuupa hadhi ya nadharia inayoweza kupimwa na kukataliwa. Shutuma dhidi ya jirani haipimiki kwa njia hiyo.

5. Hitimisho

Yatokanayo na uhakiki huu ni mawili. Kwanza, mwanafunzi anayekusanya majina ya magonjwa, yawe ya Kiswahili, Kishi au Kilega, asiyapange katika safu mbili tu za «hospitali» na «imani». Kila jina liulizwe kama linaeleza hali ya mwili au linamtaja mtendaji. Pili, kamusi zetu ziingize etimolojia za istilahi kama safura na baridi yabisi, ili msomaji ajue kwamba Kiswahili kilikuwa na lugha ya kueleza ugonjwa bila kumtafuta mkosaji. Mwuguzi wa Kalehe au wa Mwenga anayetaka kuzungumza na jamaa za mgonjwa anaihitaji lugha hiyo, na anaihitaji kabla jina la mtu halijatajwa.