Timazi Hushushwa Ukuta Ukiwa Mfupi

Mwashi hodari haamini macho yake peke yake. Kabla ya kupandisha kozi nyingine hushusha timazi, uzi wenye kichuma kizito mwishoni, akangoja kichuma kiache kuyumba, ndipo akaulinganisha ukuta na uzi. Akikuta ukuta umelala upande, haulaumu uzi wala hageuki kutazama ukuta wa jirani. Huvunja alichokijenga mwenyewe. Kujitambua ni ufundi wa aina hiyo, na Kiswahili kinauheshimu: tukitaka kumsifu mtu mwenye msimamo, asiyepeperushwa na kila neno, twasema anajitambua. Hoja yangu ni kwamba mtu hawezi kuiongoza nafsi yake, sembuse kuongoza wenzake, kabla hajajua inainamia upande gani. Ushahidi nauchukua Nakuru, Kenya, mahali ambapo kutojitambua kumewahi kuua.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Miji ya Nakuru na Naivasha iliwaka moto mwishoni mwa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka kambi ya mahema. Haikuwa mara ya kwanza: Molo iliungua 1992, na Njoro mwanzoni mwa 1998. Agosti 2012, wazee wa Kikalenjin na wa Kikikuyu walitia sahihi mkataba wa amani wa Kaunti ya Nakuru, katika juhudi zilizosimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, ambayo kamishna wake wa wakati huo, Alice Wairimu Nderitu, alikuwa miongoni mwa wapatanishi. Sahihi ni jambo la siku moja. Mazungumzo yalichukua zaidi ya mwaka, na sifa ya ufundi imo katika mpangilio wake. Wazee hawakukalishwa uso kwa uso tangu mwanzo. Kila jamii ilianza kwa kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Naona hekima kubwa hapo. Mbele ya hasimu kila mzee ni wakili wa watu wake, na wakili hakiri kosa. Akiwa miongoni mwa watu wake, mzee huyohuyo anaweza kuulizwa asichoweza kuulizwa na mgeni: sisi tunaogopa nini hasa, na vijana wetu walifanya nini? Hapo ndipo timazi linaposhuka.

Na linaposhuka, linaonyesha nini? Linaonyesha kwamba kila jamii katika Bonde la Ufa, eneo ilipo Nakuru, ina mwaka wake wa kuanzia hesabu. Mmaasai anaweza kuanza na 1904, mwaka wa makubaliano na Waingereza yaliyomwondoa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru. Mkalenjin huanza na ardhi iliyochukuliwa na walowezi na ambayo Uhuru ulipokuja haikurudi kwake. Mkikuyu huanza na jasho la wazazi wake kwenye mashamba ya walowezi, na shilingi walizochanga katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi. Hesabu zote tatu zina ukweli ndani yake. Hatari iko pale mtu anaposahau kwamba ameuchagua mwaka wake, akadhani dunia nzima ilianza siku aliyodhulumiwa yeye. Litazame kwa karibu neno lililotumika kuwaita majirani katika eneo hili: madoadoa. Doa huonekana juu ya kitambaa. Anayelitamka amekwisha kuamua kwamba kitambaa ni chake na kwamba kilikuwa safi hadi wengine walipofika. Mtu aliyejizoeza kujihoji husita kabla ya neno hilo kutoka kinywani, akauliza: nani aliniambia kitambaa hiki ni changu peke yangu?

Wako watakaosema kwamba mgogoro wa Bonde la Ufa ni wa ardhi na siasa, na kwamba kujihoji hakumpi mtu hatimiliki. Ni kweli, na asiyelikubali hilo anawabembeleza walioumizwa. Dhuluma ya ardhi inataka sheria, mahakama na serikali yenye nia. Hata hivyo, sheria husomwa na watu, na mtu asiyejua hofu yake huiona kila hukumu isiyompendelea kuwa njama. Wengine watasema, kwa haki kabisa, kwamba utulivu wa uchaguzi wa 2013 uliletwa na muungano wa kisiasa wa Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin. Muungano huo ulisaidia sana. Lakini ulitangazwa Nakuru Desemba 2012, miezi kadhaa baada ya wazee kutia sahihi. Na wakubwa hao wawili walipotengana, wakawa pande mbili za uchaguzi wa 2022, majirani wa Nakuru hawakurudia mapanga ya 2008. Sidai kwamba mkataba mmoja ulifanya kazi yote hiyo. Nadai kwamba amani inayotegemea urafiki wa wakubwa huisha urafiki ukiisha, na iliyobaki lazima iwe ilikuwa na mizizi ndani ya watu wenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hakuna nguo iliyo karibu na mtu kuliko hadithi anayojisimulia juu yake mwenyewe. Ufundi wa kuichunguza hauhitaji cheo. Mwalimu wa Kuresoi, mwendesha bodaboda wa Kaptembwa, mama mwenye kibanda cha mboga Gilgil, kila mmoja hupokea kwenye simu ujumbe wa kuchochea kabila moja dhidi ya jingine. Kati ya kuusoma na kuusambaza pana nafasi ndogo, na uongozi wa nafsi unaishi katika nafasi hiyo. Ndipo pa kungoja kichuma kiache kuyumba na kujiuliza: hesabu yangu nimeianzia wapi, na nani sikumhesabu? Wakenya watapiga kura tena Agosti 2027. Msingoje kampeni zipambe moto ndipo mjiulize. Timazi hushushwa ukuta ukiwa mfupi. Ukishafika kwenye paa, kuurekebisha ni kuubomoa.